Vipele, muwasho na madoa baada ya kunyoa mwili: vilianza lini?

Wanaosema "ngozi yangu haipatani na wembe" huwa wanazungumzia shida nne au tano tofauti, ila zote wanaziita vipele. Kuna vipele vya dakika kumi, vya siku mbili, na vile vya siku ya nne ambavyo haviondoki hata ubadilishe sabuni mara ngapi. Kila kundi lina chanzo chake. Ndiyo maana losheni iliyomtuliza mwenzako inaweza isikusaidie kitu, au ikakuchoma kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, jiulize vilianza lini:

- Dakika au saa chache baada ya kunyoa: ngozi imekwaruzwa, au imechomwa na kitu ulichopaka.
- Siku ya kwanza hadi ya tatu, vikiwa na usaha: vijidudu vimeingia kwenye vitundu vya nywele.
- Siku ya tatu na kuendelea, nywele zinapoanza kuchomoza: nywele zako mwenyewe zinaichoma ngozi.
- Wiki hadi miezi: madoa na makovu, yaani mabaki ya moja ya hayo matatu.

Ninachoamini nakisema mapema, maana kitajirudia huko mbele: shida nyingi za wembe zinaletwa na tamaa ya ulaini uliopitiliza. Unywele uliokatwa usawa wa ngozi hausumbui sana. Uliokatwa chini ya ngozi ndio unaolipiza kisasi.

Inachoma na kuwasha papo hapo

Kwenye ngozi nyeupe utaona wekundu. Kwenye ngozi nyeusi usiutafute wekundu. Tazama sehemu iliyokoza rangi kuliko jirani yake, inayong'aa kidogo, na yenye joto ukiigusa kwa mgongo wa kiganja. Sababu, kuanzia ile ya kila siku:

1. Nywele zilinyolewa kavu, au zimelowa juu juu tu. Unywele mkavu ni mgumu, lakini ukinywa maji huvimba na kulainika. Hauhitaji muda mrefu, dakika 2 hadi 3 za maji ya uvuguvugu zinatosha, ila ziwe dakika kweli. Kujimwagia kopo moja na kuanza kazi hakuhesabiki. Dawa yake ni ya bure: nyoa mwisho wa kuoga, si mwanzo.

2. Wembe ni butu. Huna haja ya kuukagua kwa macho, mkono utakwambia. Wembe mkali unateleza na kutoa mlio mwembamba wa kukwangua; ulio butu unashika unywele, unauvuta, ndipo unaukata. Ukihisi huo mvuto hata mara moja, badilisha. Wembe wa mpini wa kawaida haupaswi kuzidi kunyoa mara 5 hadi 7, na kwa nywele ngumu za kinena hata hizo ni nyingi. Wembe unaolala kwenye kibao cha sabuni, umelowa usiku kucha, huharibika hata usipotumika. Suuza, kung'uta, uweke mahali pakavu nje ya bafu.

3. Umekandamiza, au umepita mahali pamoja mara tano. Kosa hili ni mtoto wa lile la pili, maana mtu hukandamiza pale wembe unapogoma. Jipime hivi: shika mpini kwenye ncha yake ya mwisho kwa vidole viwili tu. Kama wembe haukati kwa mshiko huo, tatizo ni wembe au maji, si nguvu zako. Ukitaka kurudia sehemu, paka povu upya kwanza. Kurudia juu ya ngozi isiyo na povu ni kuikwangua ngozi yenyewe.

4. Umetumia sabuni ya kipande, au mbaya zaidi, ya kufulia. Povu lake hukauka kabla hujamaliza goti moja, na huondoa mafuta ya ngozi. Tumia krimu au jeli ya kunyolea isiyo na manukato. Ukikosa kabisa, kondishena ya nywele inateleza vizuri kuliko sabuni yoyote. Ila usinyoe ukiwa umesimama, maana sakafu nayo itateleza.

5. Ulichopaka baadaye. Spiriti, marashi, deodoranti, limau. Kuna imani kwamba kisipochoma hakisaidii, na imewaunguza wengi. Limau lina hatari yake ya ziada: maji yake yakibaki kwenye ngozi inayopigwa na jua huweza kusababisha malengelenge na baka jeusi la miezi. Kwapa ulilonyoa usiku lisiguse deodoranti hadi asubuhi.

Kutuliza: kitambaa safi kilicholowa maji baridi, dakika 10, kisha losheni isiyo na harufu au mafuta ya mgando, tabaka jembamba. Vaa nguo pana. Usinyoe tena hadi ngozi irudi kawaida kabisa. Krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 inaweza kupakwa siku mbili tatu ikiwa muwasho unanyima usingizi. Zaidi ya hapo isiwe kwa uamuzi wako, hasa usoni na sehemu za siri ambako ngozi ni nyembamba.

Kama hukutumia wembe bali krimu ya kuondoa nywele, hadithi ni nyingine. Krimu hizo huyeyusha unywele kwa kemikali, na ngozi nayo imejengwa kwa protini ileile ya keratini. Ikianza kuchoma, futa na suuza kwa maji mengi bila kusubiri dakika zilizoandikwa kwenye pakiti. Siku nyingine ukitaka kuitumia, ijaribu mahali padogo saa 24 kabla.

Simama hapa: ngozi ikitoa malengelenge, au midomo na macho yakivimba, huo si muwasho wa wembe. Pumzi ikibana, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Siku ya pili, vipele vyenye vichwa vyeupe

Kipele cha aina hii huwa na unywele katikati na kidoti cha usaha kuuzunguka. Mara nyingi ni bakteria, hasa *Staphylococcus aureus*, ambaye anaishi kwenye ngozi na puani mwa watu wengi bila kelele. Wembe unapoacha mikwaruzo isiyoonekana, anapata mlango.

Anza na wembe wenyewe. Umekaa muda gani? Nani mwingine ameutumia? Hapo wengi huangalia pembeni. Wembe hauazimwi, hata kwa mume au mke. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na damu unayohitaji kuambukizwa huwezi kuiona kwa macho. Aina ya C na VVU navyo hupita kwenye damu. Kuupitisha wembe kwenye maji ya moto hakuondoi hatari hiyo.

Wembe ukiwa safi na wako, angalia taulo, halafu nguo. Taulo lenye unyevu la siku nne ni shamba la vijidudu. Nguo ya ndani ya kubana, mazoezi na jasho saa moja baada ya kunyoa kinena, hayo yanatosha kuleta vipele hata kama kila kitu kingine umekifanya sawa. Nyoa usiku, lala na nguo pana ya pamba.

Matibabu ya nyumbani: acha kunyoa sehemu hiyo. Weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, mara tatu kwa siku. Osha mara moja kwa siku kwa dawa yenye benzoili peroksaidi, ukianzia nguvu ndogo, na tumia taulo jeupe kwa sababu dawa hiyo hufubaza rangi za nguo. Usiminye. Kipele kilichominywa hupasukia pia kwa ndani, kisha kile ambacho kingekauka kwa siku nne kinakuwa jipu.

Visipoondoka ndani ya wiki moja hadi mbili, pengine jina la ugonjwa si hilo. Yapo matatu ambayo wembe huyachokoza au kuyasambaza:

Fangasi huwasha kuliko kuuma, husambaa kwa umbo la duara, na ukingo wake umeinuka kuliko katikati. Krimu ya muwasho yenye steroidi, kama ile ya haidrokotisoni, huituliza siku mbili kisha ikalipuka. Inataka dawa ya fangasi.

Vipele vidogo, laini, vinavyong'aa, vyenye kishimo katikati, visivyouma wala kuwasha sana, vinaweza kuwa ni vya virusi. Alama yake nzuri ni mpangilio: utaviona vimejipanga kwenye mstari, njia ileile wembe ulipopita. Ulikata kimoja ukapanda kumi. Hapo wembe unawekwa chini hadi vitibiwe. Sunzua nazo husambazwa hivyohivyo.

Malengelenge madogo kwa kundi, yanayouma kama moto, hasa sehemu za siri au kandokando ya mdomo, yanafaa kuonwa na daktari yangali mabichi.

Simama hapa: jipu linalokua, homa, wekundu au uvimbe unaopanuka kila saa, au mstari unaopanda kutoka kwenye kidonda. Mwenye kisukari au kinga dhaifu asisubiri hata dalili hizo zikamilike. Na kuna hili ambalo watu hulificha kwa aibu: majipu ya kwapani au kinenani yanayorudi palepale, yanayoacha makovu na vitundu vinavyovuja. Huo ni ugonjwa wa ngozi unaojulikana, *hidradenitis suppurativa*. Hauletwi na uchafu wala hauambukizi, na wapo wanaouguza miaka mingi wakidhani wananyoa vibaya. Mwone daktari wa ngozi, na umwambie kwamba yanarudi.

Siku ya nne, vipele vigumu visivyokwisha

Hapa ndipo penye malalamiko mengi, na ndipo fedha nyingi hupotelea kwenye sabuni.

Nywele za kipilipili hazijikunji baada ya kutoka tu. Hata kitundu zinamoota kimepinda. Unywele kama huo ukikatwa kwa mshazari unabaki na ncha kali kama sindano, na kwa kuwa asili yake ni kujikunja, unatoka, unageuka, unachoma ngozi ya jirani. Hiyo ni njia ya kwanza. Njia ya pili ni pale unapokatwa chini ya ngozi: unaanza kukua ndani kwa ndani, unatoboa ukuta wa kitundu chake kabla haujaona mwanga. Kwa vyovyote, mwili unauona kama mwiba na kuupigania. Kipele unachokiona ni vita hiyo.

Sasa tazama wembe wa makali matatu au matano. Kali la kwanza linanasa unywele na kuuvuta juu. La pili linaukata ukiwa umevutwa. Unywele unapoachiwa unarudi chini ya usawa wa ngozi. Ulaini wake ni wa kweli. Ni ulaini wa siku mbili.

Mimi nilihangaika na shingo, chini kidogo ya taya, kwa miaka. Nilibadilisha krimu, nikabadilisha sabuni, nikapaka spiriti hadi machozi. Siku moja nikasogea kwenye kioo na taa ya simu, nikaona juu ya kipele kimoja kitanzi chembamba cheusi, ncha zote mbili zimezama. Nilipouinua kwa sindano ulinyooka polepole, ukawa mrefu kama ukucha wa kidole kidogo. Ulikuwa umelala humo wiki tatu hivi, ukikua. Siku hiyo niliacha kuilaumu sabuni.

Fanya hivyohivyo kwanza: kioo, taa, subira. Ukiona kitanzi au mstari mweusi chini ya ngozi nyembamba, umepata jibu. Kisha tafuta sababu kwa mpangilio huu: wembe wa makali mengi, kuvuta ngozi wakati wa kunyoa, kunyoa kinyume cha uotaji, kung'oa kwa kibano au nta, ambako unywele hukatikia ndani, mwisho ngozi mfu iliyofunika vitundu, na nguo inayosugua.

Hatua za kurekebisha zifuate zamu.

Weka wembe chini wiki 4. Najua. Wiki ya kwanza hali inaweza kuonekana mbaya zaidi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Vumilia. Nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, na unywele ukirefuka vya kutosha mara nyingi hujichomoa wenyewe kama springi. Kama kazi au mazingira hayaruhusu nywele zionekane, tumia mashine ya kunyolea ya umeme na uache milimita 1. Kwa watu wengi wenye shida hii, hiyo milimita 1 si hatua ya kupita, ndiyo makazi ya kudumu.

Kitanzi kinachoonekana wazi kinaweza kuinuliwa kwa sindano iliyofutwa kwa spiriti. Inua ncha tu, iachie. Usiing'oe, maana mpya itaota ikipinda vilevile. Kisichoonekana usikichimbe.

Asidi salisiliki ya asilimia 2 husaidia kuondoa ngozi mfu inayoziba njia. Anza mara mbili kwa wiki, usiku, si siku uliyonyoa, na si kwenye ngozi laini ya sehemu za siri. Kusugua kwa dodoki gumu hakufanyi kazi hiyo; kunaongeza moto. Kitambaa laini na mzunguko mwepesi vinatosha.

Ukirudi kwenye wembe, rudi na wenye kali moja. Ngozi isivutwe. Fuata uotaji, na uotaji usikisie: acha siku mbili, kisha pitisha kidole pande zote nne. Upande usiokwaruza kidole ndio njia yako. Kwapani utashangaa, nywele zinaota pande mbili au tatu ndani ya eneo la kiganja, kwa hiyo nyoa vipande vipande, mkono umeinuliwa. Kinenani tanguliza mkasi au mashine hadi zibaki fupi, halafu ndipo wembe, kama bado unauhitaji. Kwenye korodani na mashavu ya uke binafsi nashauri kuishia kwenye mashine. Ngozi ya huko ni nyembamba na ina mikunjo, na hakuna wembe unaoipenda.

Umejaribu yote kwa uaminifu na bado? Ipo leza ya kuondoa nywele. Mwenye ngozi nyeusi aulize aina ya mashine kabla ya kulipia: yenye mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 1064, iitwayo Nd:YAG, ndiyo salama zaidi kwake, kwa sababu mwanga wake haunyonywi sana na rangi ya ngozi. Ya aina nyingine mikononi mwa asiyejua inaweza kuunguza.

Simama hapa: vipele vikianza kuungana, kuwa vigumu kama punje za maharage, au kovu likikua nje ya mipaka ya kidonda. Kisogoni hasa, kwa wanaonyoa karibu mno, vipele vya namna hiyo vinaweza kugeuka makovu mapana yasiyoota nywele tena. Daktari wa ngozi akiviona vikiwa vidogo ana mengi ya kufanya. Vikishakuwa sahani, machache.

Nimejikata

Goti, kifundo cha mguu na mfupa wa muundi ndio wahanga wakubwa. Kunja goti unapolinyoa. Bonyeza kwa kitambaa safi dakika 5 hadi 10 mfululizo, bila kuchungulia kila nusu dakika. Shabu iliyoloweshwa husimamisha damu ya mikato midogo. Unayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mashine ya umeme ndiyo yako. Ukikata kidutu au baka lililoinuka likatoa damu, likipona lionyeshe kwa daktari kama limebadilika rangi au umbo.

Ukiwa na miadi ya upasuaji, usijinyoe nyumbani ili "kuwasaidia" madaktari. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unasema nywele zisitolewe, au ikibidi kabisa zipunguzwe kwa mashine, kwa kuwa mikwaruzo ya wembe huongeza nafasi ya kidonda kuambukizwa.

Vidoti vyeusi, madoa, na kwapa lililokoza

Haya ni mambo matatu. Yasichanganywe.

Vidoti vinavyobaki mguuni mara tu baada ya kunyoa kwa kawaida ni unywele wenyewe ukionekana kupitia ngozi. Si uchafu, havisuguliki. Na kunyoa hakuzifanyi nywele kuwa nene: mwanzo unywele ulikuwa na ncha iliyochongoka, sasa umekatwa butu, ndiyo maana unakwaruza na kuonekana mzito.

Madoa ni alama zinazoachwa na vipele. Kila kipele kinachopita kinaacha rangi, na ngozi nyeusi huacha zaidi. Hakuna maana ya kutibu madoa huku vipele vipya vinakuja kila wiki, kwa hiyo rudi kwanza kwenye sehemu inayokuhusu hapo juu. Baada ya hapo, sehemu zinazopigwa na jua zipakwe kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi, na subira ihesabiwe kwa miezi. Krimu za kung'arisha zisizoeleza kilichomo ziache dukani. Ndani yake hukutwa zebaki au steroidi kali, na zinazopakwa kwapani na mapajani huacha michirizi isiyofutika.

La tatu wembe hauhusiki nalo kabisa. Kwapa, shingo au kinena vikiwa vyeusi *na* vinene, ukivigusa ni kama mahameli, na weusi huo hauna kipele wala muwasho uliotangulia, mara nyingi ni dalili kwamba insulini mwilini haifanyi kazi inavyopaswa. Usiendelee kusugua. Kapime sukari.